Mfamasia Wodini: Kwa Nini Hatari Itangulie Namba ya Kitanda

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa anapolazwa hospitalini, dawa zake hupita katika mikono mingi. Daktari huziandika, mfamasia au mteknolojia wa dawa huzitoa, muuguzi humpatia mgonjwa, na maabara hutoa majibu yanayoonesha iwapo mwili unazipokea vyema. Katika mlolongo huo yupo mtaalamu ambaye wananchi wengi hawajamfahamu vya kutosha. Huyu ni mfamasia wa tiba, yaani mfamasia anayefanya kazi wodini pamoja na madaktari na wauguzi, na ambaye jukumu lake ni kutazama dawa zote za mgonjwa kwa pamoja na kuhakiki iwapo kila moja bado inamfaa mgonjwa huyo, kwa dozi hiyo, katika siku hiyo.

Wagonjwa wanaohitaji huduma hiyo ni wengi kuliko wafamasia waliopo. Hali hiyo haipo Tanzania pekee, kwani hata nchi zenye uwezo mkubwa wa kifedha hujikuta na wodi zilizojaa na wafamasia wasiotosha kumfikia kila mgonjwa kila siku. Ndiyo maana hospitali katika nchi mbalimbali zimeanza kujiuliza swali moja la msingi: kama si wote watakaoonwa asubuhi hii, nani aanze?

Makala haya yanaeleza namna swali hilo linavyojibiwa kitaalamu, vigezo vinavyotumika, mipaka ya vigezo hivyo, na nafasi ya mgonjwa na ndugu zake katika kuufanya mpango huo ufanikiwe.

Kazi ya mfamasia wa tiba

Mapitio ya dawa huanza kwa kupata orodha kamili ya dawa ambazo mgonjwa alikuwa akizitumia kabla ya kulazwa, zikiwemo zilizonunuliwa duka la dawa bila cheti cha daktari na zile za mitishamba. Orodha hiyo hulinganishwa na dawa zilizoandikwa baada ya mgonjwa kulazwa ili kubaini iliyosahaulika, iliyorudiwa mara mbili au isiyohitajika tena.

Baada ya hapo mfamasia hutazama umri na uzito wa mgonjwa, ujauzito au unyonyeshaji, mzio wa dawa, pamoja na majibu ya maabara, hasa yale yanayohusu figo, ini, sukari na madini ya potasiamu katika damu. Hukagua pia dawa zinazoathiriana, muda wa kuzitumia na njia ya kuzitoa. Mwisho huandika ushauri wake katika faili la mgonjwa na kuzungumza na daktari pamoja na muuguzi. Uamuzi wa tiba hubaki kuwa wa daktari, lakini huwa umepata jicho la pili lililobobea katika dawa.

Huduma ya aina hii haikuanza leo. Mwaka 1966, katika Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco nchini Marekani, wafamasia walianza kufanya kazi katika ghorofa ya tisa ya hospitali ya chuo hicho, karibu na wagonjwa, badala ya kubaki katika stoo na dirisha la kutolea dawa. Jaribio hilo linahesabiwa kuwa miongoni mwa chimbuko la famasia ya tiba kama inavyofahamika hivi sasa.

Hesabu ya muda

Ili kuelewa uzito wa tatizo, tuchukue mfano wa wodi ya magonjwa ya ndani yenye vitanda 30 vyenye wagonjwa, na mfamasia mmoja. Tukadirie kwamba mapitio kamili ya mgonjwa mmoja yanachukua dakika 15, makadirio ambayo ni ya chini kwa mgonjwa anayetumia dawa nyingi. Wagonjwa 30 watahitaji dakika 450, sawa na saa saba na nusu za kazi mfululizo, bila kupokea simu, bila kuhudhuria raundi ya madaktari, bila kuelimisha mgonjwa anayeruhusiwa na bila kushughulikia dawa iliyokosekana.

Kama mfamasia huyo ataanza saa 2:00 asubuhi katika kitanda namba 1 na kwenda kwa mpangilio wa namba, atakifikia kitanda namba 29 saa 9:00 alasiri. Wakati huo mgonjwa wa kitanda hicho atakuwa amekwishapewa dozi za asubuhi na za mchana. Kama dozi mojawapo haikupaswa kutolewa, mapitio yatakuwa yamechelewa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kipaumbele hupangwa hata pale ambapo hakuna mpango wowote. Anayeanza na kitanda kilicho karibu na mlango ameweka kipaumbele. Anayeanza na mgonjwa ambaye ndugu zake wanauliza maswali mengi naye ameweka kipaumbele. Tofauti ni kwamba vigezo hivyo havihusiani na hatari inayomkabili mgonjwa, na kwa kuwa havijaandikwa popote, hakuna anayeweza kuvipima wala kuvirekebisha.

Ukubwa wa madhara yanayozuilika

Mwezi Machi 2017 Shirika la Afya Duniani lilizindua kampeni ya kimataifa ya kupunguza madhara yanayotokana na dawa, likiweka lengo la kupunguza kwa nusu madhara makubwa yanayozuilika katika kipindi cha miaka mitano. Shirika hilo lilikadiria kuwa makosa yanayohusiana na dawa huigharimu dunia takriban dola za Marekani bilioni 42 kila mwaka. Septemba 17, 2022, Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani iliadhimishwa kwa kuweka mkazo katika suala hilohilo la usalama wa dawa.

Kampeni hiyo ilitaja maeneo matatu ya kupewa uzito, ambayo ni mazingira yenye hatari kubwa, mgonjwa kutumia dawa nyingi kwa wakati mmoja, na vipindi vya mpito, kama vile mgonjwa anapolazwa, anapohamishwa wodi au anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za eneo la Merseyside nchini Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2004, ulifuatilia wagonjwa 18,820 waliolazwa. Kati yao, 1,225, sawa na asilimia 6.5, walikuwa na tatizo lililohusiana na madhara ya dawa, na sehemu kubwa ya madhara hayo ilionekana kuwa ingeweza kuepukika. Dawa zilizohusika zaidi hazikuwa ngeni: aspirini ya dozi ndogo, dawa za kuongeza mkojo, wafarini, na dawa za maumivu za kundi lenye diklofenaki na ibuprofeni. Hizi ni dawa ambazo hutumika kila siku katika hospitali zetu pia.

Somo muhimu kutoka katika takwimu hizo ni kwamba madhara ya dawa hayasambai kwa usawa kwa wagonjwa wote. Hujikusanya kwa watu fulani, dawa fulani na nyakati fulani. Kwa sababu hiyo, inawezekana kuyatafuta mahali yanapoelekea kutokea.

Vigezo vitatu vya hatari

Kigezo cha kwanza ni hali ya mgonjwa mwenyewe. Wazee wapo katika hatari zaidi kwa sababu figo zao hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, na dawa nyingi hutolewa mwilini kupitia figo. Watoto wachanga na watoto wadogo wapo katika hatari kwa kuwa dozi zao hukokotolewa kwa uzito, na nukta moja ikikosewa mahali pake dozi inaweza kuwa mara kumi ya inayotakiwa. Wajawazito, wagonjwa mahututi, wenye matatizo ya figo au ini na wenye historia ya mzio wa dawa nao huingia katika kundi hili.

Kigezo cha pili ni dawa zenyewe. Zipo dawa ambazo tofauti kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru ni ndogo. Wafarini, inayozuia damu kuganda, huhitaji kipimo cha INR ambacho kwa wagonjwa wengi kinatakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikishuka damu inaweza kuganda, na kikipanda mgonjwa anaweza kuvuja damu. Insulini inaweza kushusha sukari hadi mgonjwa akapoteza fahamu. Gentamaisini, sindano inayotumika sana kutibu maambukizi, inaweza kuharibu figo na usikivu. Digoksini, fenitoini, hepari, mofini, dawa za saratani na potasiamu ya sindano nazo huhitaji uangalizi wa karibu. Methotreksati inayotumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi hutolewa mara moja kwa wiki; ikiandikwa kimakosa kila siku, inaweza kuua.

Idadi ya dawa pia ni sehemu ya kigezo hiki. Kila dawa inapoongezwa, uwezekano wa dawa mbili kuathiriana nao huongezeka. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayetumia enalaprili na dawa ya kuongeza mkojo, kisha akaandikiwa diklofenaki kwa maumivu ya mgongo, anakuwa na mchanganyiko unaoweza kuziumiza figo zake ingawa kila dawa kwa peke yake ni ya kawaida.

Kigezo cha tatu ni wakati. Saa 24 za kwanza baada ya kulazwa ndizo ambazo orodha ya dawa huelekea kuwa na mapungufu, kwa kuwa mgonjwa anaweza kuwa hajiwezi na ndugu hawajaleta dawa alizokuwa akizitumia. Siku ya kuhama kutoka chumba cha wagonjwa mahututi kwenda wodi ya kawaida, na siku ya kuruhusiwa, nazo ni nyakati za hatari. Vilevile, jibu la maabara lililobadilika ghafla linaweza kumfanya mgonjwa aliyekuwa salama jana kuwa katika hatari leo kwa dawa zilezile.

Mfano wa wodi

Turejee katika wodi yetu ya mfano yenye vitanda 30 na kutazama wagonjwa watano wa kufikirika.

Katika kitanda namba 1 yupo kijana wa miaka 22 anayetibiwa homa ya mapafu kwa antibiotiki moja na parasetamoli. Figo zake zipo sawa, hana mzio na anaendelea vizuri.

Katika kitanda namba 7 yupo mama wa miaka 50 mwenye kisukari anayetumia insulini. Sukari yake imetulia kwa siku tatu na anakula vizuri.

Katika kitanda namba 14 yupo mwanamume wa miaka 41 anayeishi na VVU na anayetumia dawa zenye dolutegraviri. Jana amegundulika kuwa na kifua kikuu na ameanzishiwa matibabu yenye rifampisini. Rifampisini huharakisha mwili kuiondoa dolutegraviri, hivyo miligramu 50 mara moja kwa siku hazitoshi tena. Anatakiwa kupata miligramu 50 mara mbili kwa siku kwa kipindi chote cha kutumia rifampisini. Kama hakuna atakayegundua, ataonekana akimeza dawa zake kwa uaminifu huku virusi vikipata nafasi ya kuongezeka na hata kuwa sugu.

Katika kitanda namba 22 yupo mzee wa miaka 66 anayetarajiwa kuruhusiwa mchana na dawa tisa, tatu zikiwa mpya na moja ikiwa imesitishwa. Nyumbani bado ana pakiti ya ile iliyositishwa.

Katika kitanda namba 29 yupo bibi wa miaka 71 mwenye ugonjwa wa moyo. Anatumia wafarini, digoksini na furosemidi. Usiku ameongezewa metronidazoli kutokana na maambukizi ya tumbo. Majibu ya alfajiri yanaonesha utendaji wa figo umeshuka na potasiamu ipo chini. Metronidazoli huongeza nguvu ya wafarini, hivyo anaweza kuvuja damu. Figo zikizorota, digoksini hubaki mwilini kwa wingi, na potasiamu ikiwa chini sumu yake kwa moyo huongezeka. Dozi ya digoksini imepangwa kutolewa asubuhi hiyo.

Kwa mpangilio wa vitanda, kijana aliye salama zaidi ndiye angeonwa kwanza, na bibi aliye katika hatari kubwa angeonwa saa saba baadaye. Kwa mpangilio wa hatari, mfamasia angeanza kitanda namba 29 kabla dozi ya asubuhi haijatolewa, angekwenda namba 14, kisha namba 22 kabla mzee hajaondoka, halafu namba 7, na kumalizia na namba 1 kwa uhakiki mfupi. Idadi ya saa za kazi haikubadilika na hakuna mfamasia aliyeongezwa. Kilichobadilika ni mpangilio.

Namna ya kupima na kupanga

Nchi kadhaa zimetengeneza nyenzo za kufanya kazi hii kwa utaratibu. Katika hospitali ya Middlemore iliyopo Auckland nchini New Zealand, wafamasia walibuni nyenzo ya kielektroniki inayokusanya taarifa kutoka katika mifumo ya hospitali na kuwagawa wagonjwa katika ngazi za hatari kubwa, ya kati na ndogo. Nchini Denmark watafiti walitengeneza alama ya hatari iitwayo MERIS, inayozingatia idadi ya dawa, utendaji wa figo na hatari inayobebwa na dawa zenyewe.

Hata hivyo, si lazima hospitali iwe na mfumo wa kompyuta ndipo ianze. Karatasi moja yenye maswali machache inaweza kutumika kila asubuhi: Je, mgonjwa amelazwa ndani ya saa 24 zilizopita? Je, anatumia dawa yoyote iliyo katika orodha ya dawa zenye hatari kubwa? Je, majibu ya figo, potasiamu, sukari au INR yamebadilika? Je, ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee mwenye dawa nyingi? Je, anaruhusiwa leo? Kila jibu la ndiyo hupewa alama, na jumla humweka mgonjwa katika ngazi.

Mpangilio rahisi ni wa rangi tatu. Mgonjwa wa rangi nyekundu huonwa mapema asubuhi, kabla ya dozi inayofuata ya dawa inayotiliwa shaka. Mgonjwa wa manjano huonwa ndani ya siku hiyo. Mgonjwa wa kijani hufanyiwa uhakiki mfupi wa karatasi ya dawa, na hupimwa upya kesho yake. Mteknolojia wa dawa aliyepata mafunzo anaweza kufanya upimaji huo wa awali, hivyo muda wa mfamasia ukabaki kwa mapitio yanayohitaji utaalamu wake.

Maswali yakiwa mengi mno, upimaji wenyewe utakula muda uliokusudiwa kuokolewa. Yakiwa machache mno, karibu kila mgonjwa ataangukia ngazi moja na orodha haitasaidia. Kila hospitali inapaswa kuchagua vigezo kulingana na wagonjwa wake. Wodi ya wazazi, kwa mfano, itaweka mbele salfeti ya magnesi inayotumika kwa kifafa cha mimba, ambayo huhitaji kufuatilia upumuaji, mkojo na mwitikio wa misuli ya mama. Wodi ya watoto itaweka mbele uzito na ukokotoaji wa dozi.

Mipaka ya orodha

Orodha ya vipaumbele ina mipaka ambayo ni lazima ifahamike kwa watakaoitumia.

Mosi, alama hutegemea taarifa zilizopo. Mgonjwa ambaye hajapimwa figo hawezi kuonekana kuwa na tatizo la figo, na aliyeficha kwamba anatumia dawa za mitishamba ataonekana kuwa na dawa chache. Kipimo ambacho hakijafanyika kisichukuliwe kuwa kipimo kizuri. Kwa mgonjwa anayetumia gentamaisini, kwa mfano, kukosekana kwa majibu ya figo ni sababu ya kumpandisha ngazi.

Pili, orodha huchakaa haraka. Mgonjwa wa kijani asubuhi anaweza kuwa mwekundu jioni baada ya dawa mpya kuandikwa. Hivyo upimaji unatakiwa kurudiwa kila siku na kila mara dawa yenye hatari kubwa inapoongezwa.

Tatu, alama haiwezi kuchukua nafasi ya macho ya anayekaa na mgonjwa. Muuguzi anayesema kwamba mgonjwa amekuwa na usingizi usio wa kawaida tangu usiku, au ameanza kukataa chakula, ametoa taarifa ambayo haimo katika karatasi. Utaratibu mzuri humruhusu muuguzi au daktari kumpandisha mgonjwa hadi ngazi nyekundu kwa neno lake, bila kusubiri alama zitimie.

Nne, ipo hoja ya haki. Baadhi ya watu wanaweza kuona kwamba kumtanguliza mgonjwa mmoja ni kumpuuza mwingine. Hoja hiyo ni ya msingi na inastahili jibu. Kila mgonjwa ana haki sawa ya kuwa salama, lakini wagonjwa hawahitaji muda sawa ili wawe salama. Utaratibu huu ni sawa na ule wa idara ya magonjwa ya dharura, ambapo anayevuja damu hutangulizwa mbele ya aliyefika mapema akiwa na mafua. Sharti ni kwamba ngazi ya kijani isigeuke kuwa ngazi ya kusahauliwa. Hospitali inayopanga vipaumbele inapaswa pia kuchagua baadhi ya wagonjwa wa kijani mara kwa mara na kuwafanyia mapitio kamili, ili kubaini iwapo vigezo vyake vinawaacha nje wagonjwa waliopaswa kuonwa mapema.

Misingi iliyopo nchini

Tanzania ina misingi ya kisheria na kitaasisi inayowezesha utaratibu huu. Taaluma ya famasia inasimamiwa na Baraza la Famasi chini ya Sheria ya Famasi, Sura ya 311, iliyotungwa mwaka 2011. Wafamasia huandaliwa katika vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho pia kina idara inayoshughulikia famasia ya tiba.

Aidha, Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, ambao toleo lake la mwaka 2021 lilifuata yale ya mwaka 2013 na 2017, humpa mfamasia kipimo cha pamoja anapozungumza na daktari kuhusu dawa iliyoandikwa. Kamati za dawa na tiba katika hospitali ndizo zenye nafasi nzuri ya kupitisha orodha ya dawa zenye hatari kubwa na karatasi ya kupimia wagonjwa, kwa kuwa humo hukutana madaktari, wafamasia na wauguzi.

Mifumo ya kielektroniki ya kuendesha hospitali, ukiwemo GoTHOMIS unaotumika katika vituo vya umma, inatoa fursa nyingine. Pale ambapo dawa na majibu ya maabara vimo katika mfumo mmoja, kazi ya kukusanya taarifa iliyokuwa ikifanyika kwa kupekua mafaili inaweza kurahisishwa. Kwa upande wake, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ambayo kabla ya mwaka 2019 ilifahamika kama TFDA, hupokea taarifa za madhara yatokanayo na dawa. Mfamasia anayewaona kwanza wagonjwa wenye hatari kubwa ndiye pia mwenye nafasi ya kuyabaini madhara hayo mapema na kuyaripoti.

Faida nyingine inahusu usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu kwa lengo la kulinda zile za akiba. Hospitali inaweza kuweka matumizi ya antibiotiki za akiba kuwa kigezo cha kumpandisha mgonjwa ngazi, ili dawa hizo zihakikiwe mapema na kusitishwa pale zisipohitajika.

Wajibu wa mgonjwa na ndugu

Mpango wowote wa vipaumbele hutegemea ukweli wa taarifa, na sehemu kubwa ya taarifa hizo ipo kwa mgonjwa na familia yake. Mwananchi anayempeleka mgonjwa hospitalini anashauriwa kubeba dawa zote alizokuwa akizitumia, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na kadi za kliniki. Asione aibu kutaja dawa za mitishamba, dawa alizoazima kwa jirani au alizoacha kutumia kwa kukosa fedha. Taarifa hizo hazitolewi ili mtu alaumiwe. Ndizo zinazoweza kumtoa mgonjwa ngazi ya kijani na kumweka panapostahili.

Vilevile, mgonjwa amweleze muuguzi mara moja anapoona dalili mpya baada ya kuanza dawa, kama vile vipele, kizunguzungu, mlio masikioni, mkojo kupungua, kutokwa damu kwenye fizi au kuona kwa ukungu. Anaporuhusiwa, aulize ni dawa zipi zinaendelea, zipi ni mpya na zipi zimesitishwa, kisha azitenge zile zilizositishwa ili zisichanganyike na nyingine nyumbani.

Kuongeza idadi ya wafamasia wa tiba kutaendelea kuwa jambo la lazima, kwa kuwa hakuna orodha inayoweza kuziba pengo la wataalamu daima. Lakini mgonjwa aliyelazwa leo anahitaji kulindwa na wataalamu waliopo leo. Karatasi moja ya vigezo, iliyokubaliwa na wodi nzima na kujazwa kila asubuhi, inatosha kuanzia.